Lenzi Mbili na Dirisha Moja

Kila asubuhi Odeta alifungua dirisha la chumba cha mama yake, pale Mkuyuni, kisha akamnywesha uji. Mama huyo, Bibi Kashindye, hakuwa tena na nguvu za kutoka nje. Tangu azaliwe hakuwahi kupigwa picha. Sasa alitaka moja tu, wajukuu wapate kumjua.

Kaka yake Odeta, Mihayo, alikuwa mpiga picha wa harusi. Lenzi yake ilikuwa imeota ukungu. Muuza kamera za mtumba alimpa mbili ajaribu, achague moja. Mihayo aliipenda ile ndefu, inayovuta mbali. Harusini, mwenye lenzi ndefu ndiye anayepishwa njia.

Aliingia nayo chumbani kwa mama, akawasha flashi. Mama akafunika uso.

"Unanipiga radi, mwanangu? Sijafa bado!"

Akaizima, akapiga tena. Picha ziliposafishwa, uso wa mama ulikuwa giza tupu. Na mama alizidi kudhoofu.

Mihayo akaenda kwa Bernadetta, fundi wa studio ya jirani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Lete hizo lenzi." Akafungua tundu za lenzi zote mbili hadi mwisho, akazielekeza kwenye mwanga. "Chungulia. Ipi ina tundu kubwa?"

"Hii fupi."

"Basi hiyo inapitisha mwanga mwingi. Ile ndefu inapitisha kidogo, na ukizidi kuvuta, mwanga unazidi kupungua. Kamera inalazimika kukaa wazi muda mrefu. Mkono ukitikisika, picha imeharibika. Juani huoni tofauti. Chumbani utaiona."

"Lakini fupi haivuti mbali."

"Na hiyo miguu Mungu alikupa ya nini? Sogea! Ila usiniamini mimi, wala muuzaji. Piga kwa zote mbili, mahali pamoja, kwa mkanda mmoja wa filamu, katika mwanga utakaofanyia kazi. Kisha linganisha."

Mihayo alifanya hivyo. Odeta alimgeuza mama aelekee dirishani, mwanga umfikie usoni. Picha zilipotoka, walizipanga juu ya blanketi. Ya lenzi ndefu ilikuwa kama moshi. Ya lenzi fupi ilionyesha kila kunyanzi.

Mama aliishika muda mrefu.

"Kumbe nimefanana na mama yangu," alisema.

Mihayo alirudisha lenzi ndefu dukani.

Bibi Kashindye alifariki kabla ya mvua za vuli. Picha yake imetundikwa karibu na lile dirisha. Wajukuu humwonyesha mgeni: "Huyu ni bibi. Na mama yake bibi alikuwa hivi hivi."