Rimu Zisizotaka Abiria

Jamani, nyumba ile ilikuwa na raha yake. Jumamosi baba aliosha gari lake dogo la spoti, mkewe akianika nguo, na bibi, mama mzazi wa baba, akiwachekesha wajukuu barazani. Kisha baba, ambaye mtaa mzima ulimwita Mtanashati, akaziona rimu pana zinazong'aa, na moyo wake ukahamia huko.

Fundi wa matairi alizipima, akaguna. "Kaka, ofseti yake, yaani zinavyokaa ndani au nje, siyo ya gari hili. Zitatokeza nje mno. Ukipakia watu nyuma, gari litashuka na madigadi yatakula tairi."

"Ndivyo ninavyotaka, zitokeze! We funga tu."

Zikafungwa, zikapendeza. Lakini kila watu walipokaa nyuma, tairi lilikwaruza. Kubadilisha rimu? Thubutu! Mtanashati akapiga marufuku abiria. Watoto wakaenda shule kwa miguu na gari limelala kivulini. Hebu niambieni, hapo nani alikuwa mali ya mwenzake?

"Baba watoto, umenunua rimu au umetufukuza?" mkewe aliuliza.

"Nyie wazito bwana," alijibu akicheka. Bibi alisikia.

Asubuhi moja kifua kilimbana bibi. Hakumwambia mtu. Alishika njia ya zahanati, taratibu, kwa miguu. Mkewe Mtanashati alipokikuta kitanda kitupu alipiga kelele, wakatoka mbio na gari. Walimkuta ameketi kando ya barabara, jasho likimtiririka.

"Mama, kwa nini hukuniambia?"

"Nisije nikakuharibia tairi, mwanangu."

Walimlaza nyuma, mkewe akampakata kichwa. Tairi likaanza kulia. Mtanashati alikaza mwendo huku akiomba Mungu, lakini kabla ya kufika likapasuka. Akambeba mama yake mgongoni, akakimbia. Ndipo alipojua, na moyo ukamchanika: mama hakuwa mzito hata kidogo.

Zahanati waliwaambia wamechelewa.

FUNZO

Ndugu zangu, anayetaka rimu mpya aulize kwanza ofseti yake, kisha awaketishe watu wake wote garini na asikilize. Tairi likilalamika, rimu hizo si zake. Na ulimi nao tuuchunge. Mtanashati alitania neno moja tu, mama yake akalibeba mpaka barabarani. Rimu alizing'oa siku ya msiba. Kiti cha nyuma hakuna tena wa kukikalia kama yule.