Usimwambie Niko Hai

“Usimwambie niko hai.”

Hivyo ndivyo alivyonijibu, hata sijamaliza kujitambulisha. Mkono wangu mmoja ulikuwa na simu ya ofisi, wa pili ulikuwa na faili lake. Miaka mitatu nimelihangaikia faili lile, leo nimempata mwenyewe, na mwenyewe hataki.

“Samahani, dada, pengine hujanielewa,” nikasema. “Anayekutafuta ni mumeo. Mumeo wa ndoa. Kila Jumanne anakuja hapa kukuulizia.”

“Nimekuelewa. Mwambie hujanipata.”

“Na mtoto? Uko naye hapo?”

Nikasikia ndoo ikiburutwa mahali, mtu akikohoa kwa mbali, halafu simu ikakatika.

Kazi yangu ni kutafuta watu waliopotezana vitani. Kikundi chetu cha haki za binadamu kina vyumba vitatu tu, juu ya duka la rangi. Kimoja cha Mama Sheria, mkuu wetu, ambaye hugombana na serikali kwa barua. Cha pili cha mabango. Cha tatu changu mimi na kabati nne za mafaili. Wakimbizi wamenibandika jina la Kalamu, kwa sababu ya kalamu hii iliyohamia sikioni kwangu.

Chumbani kwangu kuna sheria moja. Aliyepatikana ndiye mwenye kauli. Akisema asijulikane, hajulikani, hata kama anayemtafuta atakuja kugaagaa mlangoni. Kila anayefungua faili huisaini. Sheria hiyo haikuwekwa kwa kupenda. Wako watu waliokimbia vita, na wako wanawake waliopata nafasi vitani ya kuwakimbia waume zao.

Sasa hapa ndipo moyo wangu uliponitia matatani. Huyo mume mwenye faili, mimi nampenda.

Yeye ni fundi wa kuchomelea mageti, na Fundi ndilo jina tunalomwita. Mwaka wa kwanza alikuwa akichungulia mlangoni, anauliza, “Kuna jipya?” Nikisema hakuna, anasema asante, anashuka ngazi. Mwaka wa pili akaanza kubaki kidogo. Mara atengeneze bawaba ya kabati, mara achomelee mguu wa kiti, mara aweke nondo madirishani ambazo hakuna aliyemwomba.

“Kalamu,” Mama Sheria akaniambia, “mwambie huyo mwanaume aseme anachotaka, kabla hajatufungia wote humu ndani.”

Akasema. Lakini akasema na hili: “Siwezi kukuoa wakati nina mke ndani ya kabati lako. Mtafute kwanza. Akiwa hai nijue. Akiwa hayupo, nijue.”

Basi nikamtafuta kwa nguvu zangu zote. Wifi yangu, mke wa kaka, alicheka mpaka akashika mbavu. “Wewe! Ndiyo kwanza namwona mwanamke anayezunguka na simu kumtafutia bwana wake mke!”

Nami nilicheka naye. Baada ya simu ile sikucheka tena.

Jumanne ikafika. Hatua zake nikazisikia tangu ngazi ya chini, nikatamani ngazi ziwe mia.

“Kuna jipya?”

“Hakuna,” nikasema.

“Haya, mpenzi. Asante.”

Akaniwekea soda mezani, akaondoka. Nilikaa nikiitazama chupa ile kana kwamba nimeiiba.

Lakini uongo haukunitesa kama swali. Kwa nini mke amkimbie mume kama huyu? Nikaanza kumchunguza. Sauti yake akigombeza mteja. Anavyofunga mlango. Mikono yake, hasa mikono. Usoni mwa kila mtu aliyenisalimia nilimwona mwanamke yule ambaye sikuwahi kumwona ila pichani, ananiangalia tu.

Mchana mmoja nilikwenda karakana kwake. Akavua ile kinga ya uso, akatabasamu, akainua mkono atoe unga wa chuma ulioingia kwenye nywele zangu. Kichwa changu kikarudi nyuma chenyewe.

Mkono wake ukabaki hewani.

“Umenikwepa?”

“Nimeshtuka tu.”

“Hapana. Mimi nimetoka vitani, Kalamu, najua aliyeshtuka na aliyekwepa. Umenikwepa.”

“Fundi, uliwahi kumpiga mkeo?”

“Nani amekuambia nini?”

“Hakuna. Nauliza.”

Akaniangalia muda mrefu. “Sijawahi,” akasema, akavaa kinga yake, akarudi kwenye geti.

Nilitaka kumwamini. Ila katika kazi yetu sijakutana na mwanaume aliyejibu ndiyo.

Wiki hiyohiyo serikali ikatangaza kwamba wakimbizi wote watarudishwa kwao ndani ya miezi miwili. Kikundi chetu kikawaka moto. Mama Sheria akaamua tubandike picha za waliopotea katika kila mji na kila kambi, ili watu waone ni nani wanaotaka kuwarudisha kwenye risasi. Ijumaa akaingia na bango la mfano, wino haujakauka vizuri.

WAKO WAPI? Hivyo tu juu. Chini yake mke wa Fundi, amempakata binti wa miaka minne.

“Hii itamgusa hata waziri,” Mama Sheria akasema. “Jumatatu tunabandika mpaka makambini.”

Nikaligeuza bango kifudifudi. “Mama, hii tuitoe.”

“Sababu?”

“Siwezi kusema.”

Akaniangalia juu ya miwani. Miaka ishirini yumo katika kazi hii, hakuhitaji kuchorewa ramani.

“Mwenye haki ya kuiondoa picha ni mmoja kati ya wawili,” akasema taratibu. “Aliyeileta, au mwenye sura. Mimi sijakuuliza kitu. Niambie kabla ya kesho saa nne.”

Nikatuma ujumbe:

“Dada, ni mimi wa mafaili. Jumatatu picha yako na mtoto itabandikwa kila mahali, hata hapo kambini ulipo. Naomba unipigie.”

Dakika tano hazikupita.

“Itoe! Nakuomba kwa jina la Mungu, itoe!”

“Nitaitoa. Sauti yako inatosha. Ila nisaidie jambo moja, dada yangu, maana nitakuwa mwendawazimu. Alikuwa anakupiga?”

“Nani? Yeye?” Akacheka, kicheko ambacho sitaki kukisikia tena. “Yule hata kuku alikuwa hawezi kumchinja. Alikuwa anamwita jirani.”

“Sasa unamkimbia nini?”

Akaanza kusema, kwa sauti ndogo, haraka haraka, kama mtu anayepita mahali pabaya.

“Tulipoachana alibaki nyuma na wazee wasioweza kutembea. Aliniambia neno moja tu: usimwachie mtoto. Sikumwachia. Siku ya nne akashikwa na homa. Nikambeba. Siku ya sita nikamwambia tumefika kwenye maji, amka unywe. Hakuamka. Nilichimba kwa kifuniko cha sufuria, dada. Peke yangu. Watu walikuwa wananiambia twende, twende.”

Nikalifunga faili.

“Akijua niko hai, swali lake la kwanza litakuwa mtoto,” akaendelea. “Sasa hivi mwanangu anaishi mahali pamoja tu duniani, kichwani mwa baba yake. Huko anakua, anaanza shule. Unataka nimpigie simu nimuue mara ya pili?”

“Hapana,” nikasema, nalia.

“Basi niache nife mimi.”

Kesho yake asubuhi nikaingia kwa Mama Sheria. “Mwenye sura amekataa.”

“Unajua Fundi atakisia?”

“Najua.”

“Na utampoteza, mwanangu.”

“Najua, Mama.”

Akalikunja bango mara nne, akalitia kwenye droo.

Saa sita mchana Fundi, aliyepita kwa mchapaji kuliona bango, akapanda ngazi mbili mbili.

“Nani ameitoa picha yangu?”

“Mimi.”

“Kwa ruhusa ya nani? Mwenye picha ni mimi, na sijai...” Akaishia hapo. Niliona kabisa wazo likimwingia. Akakishika kile kiti alichokichomelea mwenyewe, akakaa. “Yuko hai.”

Nikalisukuma faili lake ndani ya kabati.

“Kalamu. Yuko hai?”

“Sina la kukuambia.”

“Tangu lini? Jumanne ngapi nimekuja hapa nakuuliza kuna jipya, unaniambia hakuna?”

“Sina la kukuambia, Fundi. Uliisaini mwenyewe.”

“Usinisomee karatasi! Nimekuwa nikila nawe sahani moja!” Akasimama. “Sasa nimeelewa. Umemficha ili unipate mimi. Ungeniambia amekufa, eh? Ungeningoja nichoke, tuoane, na mke wangu anahangaika kambini ananitafuta!”

Jibu lilikuwa mdomoni kwangu zima zima. Mwanao amekufa, na mkeo anakuhurumia. Maneno machache tu na ningekuwa msafi mbele yake. Nilishika ukingo wa meza mpaka vidole vikauma.

“Sina la kukuambia,” nikasema mara ya tatu.

“Mungu akusamehe. Mimi siwezi.”

Akashuka ngazi. Nikamwandikia mwanamke yule ujumbe wa mwisho:

“Picha imetoka. Mumeo amekisia kwamba uko hai, si kwa mdomo wangu. Kuhusu mtoto hajui, na hatajua kwangu mpaka nazikwa. Namba yake hii hapa chini. Sitakusumbua tena.”

Jumatatu mabango yakabandikwa bila wao. Jumanne sikusikia hatua kwenye ngazi. Wifi akanipigia kunichekesha, akashindwa. Chakula kilinikataa. Na mtoto yule nisiyemjua akawa anakaa nami ofisini, miaka minne ileile, haongei.

Alhamisi simu ikaita. Fundi.

“Njoo karakana,” akasema, akakata.

Nilimkuta amekaa chini, ameegemea geti ambalo halijakwisha. Macho yalikuwa mekundu, na siku hiyo hakuwa amewasha mashine.

“Amenipigia,” akasema.

Nikakaa chini kando yake, si karibu sana.

“Alianza kulia kabla ya salamu. Akasema, nina jambo la kukuambia kuhusu mtoto. Nikamwambia usiniambie. Najua.”

“Unajua nini?”

“Nilipita njia ileile, Kalamu. Siku tisa nyuma yao. Karibu na maji nikakuta kaburi dogo, hivi.” Akapima kwa mikono, kisha akaikunja mikono haraka. “Kuna kijiti, na utepe wa nywele umefungwa. Ule utepe niliununua mimi.”

Nikamgeukia.

“Ulijua? Miaka yote mitatu? Mbona kwenye faili uliandika watu wawili?”

“Uliniuliza, unatafuta wangapi? Ningesema mmoja, ungeniuliza wa pili yuko wapi. Mdomo ulikataa. Nikasema wawili. Wiki iliyofuata nikaona aibu kurekebisha. Baadaye nikazoea. Kila Jumanne ukisema hakuna jipya, mimi narudi nyumbani na mtoto wangu.”

“Na picha ya bango?”

“Sina nyingine ya mama yake. Ningemkata mtoto na mkasi?”

Mtaa ulikuwa na kelele zake za kila siku.

“Nilikuwa namtafuta nimwambie jambo moja tu,” akasema. “Kwamba alilichimba vizuri. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha na halikufunguka. Alipanga mawe pembeni yote, moja moja. Nilitaka ajue nimeyaona. Kumbe naye ananikimbia ili nisijue! Watu wazima wawili, tunafichana kaburi tulilolijua wote.”

“Umemwambia?”

“Nimemwambia. Alilia mpaka simu ikaisha chaji, akaazima nyingine, akaendelea.” Akafuta uso kwa kiganja, akajipaka masizi. “Harudi. Anasema, nikikuona wewe nitamwona yeye, sura zenu ni moja. Ameniomba nimwache, naye ameniacha. Tumeachana tukiwa tunaombeana heri, nami nimemwambia kuhusu wewe.”

“Pole.”

“Nisamehe kwa yale niliyokuambia. Ulikuwa na jibu la kuninyamazisha, ukalimeza.”

“Nisamehe na mimi. Siku ile nilikukwepa.”

Akanitazama kama mtu anayeogopa kuuliza. “Bado unanitaka, Kalamu? Hivi nilivyo?”

“Nakutaka. Nitaolewa nawe hata kesho ukitaka. Ila ndoa isubiri. Kwanza tukae msiba.”

“Msiba gani? Ni miaka mitatu.”

“Kuna mtu yeyote aliyewahi kukupa pole ya mtoto?”

Akatikisa kichwa.

Nikatoa simu. Nikampigia Mama Sheria, nikampigia wifi, nikawapigia watu wa mafaili yangu, wale waliopata watu wao na wale wasiopata. Niliwaambia neno moja: Fundi amefiwa na binti yake. Hakuna aliyeuliza lini.

Kufikia alasiri karakana ilijaa. Mikeka ikatandikwa juu ya vumbi la chuma. Wifi yangu, mtu wa maneno, alikuwa kimya anagawa maji. Mama wa mtoto, kwa ruhusa yake mwenyewe, alikuwa kwenye simu, sauti imefunguliwa, simu imewekwa juu ya meza ya kazi kando ya Fundi. Watu walipita mmoja mmoja. Pole, baba. Kisha wanainama kwenye simu: pole, mama. Na mama anaitikia, kila mara anaitikia, asante, asanteni. Fundi alianza kulia mtu wa nne alipomshika mkono, na hakuacha.

Nilijiweka mwisho wa mstari. Nikainama.

“Pole, dada yangu. Ni mimi, wa mafaili.”

Alikuwa anamsikia Fundi akilia.

“Asante, mke mwenza,” akasema. “Mwache alie. Usimnyamazishe.”

Sikumnyamazisha.