Tundu la Sita

Haya yalimpata rafiki yangu Wendell Stidham, fundi bomba wa huku kwetu Kentucky, mtu asiyejua uongo hata wa kukwepa kanisa.

Kuna mtu alikuwa amemtishia maisha, naye akatafuta bastola ndogo ya kutembea nayo mfukoni. Akaipata kwa mjane mmoja, Bibi Opal: ya kizamani, fupi, yenye silinda ya matundu sita.

"Tia risasi tano tu, mwanangu," bibi akamwambia. "Tundu la chini ya nyundo ya kufyatulia liache tupu."

"Najua, bibi. Hizi za zamani zikianguka hujifyatua."

"Na ukimaliza tano, usivute tena."

"Kwa nini?"

"Mimi nimeshakwambia."

Jioni ile Wendell akaenda kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa. Akatia tano, akachungulia tundu la sita mpaka akaona mwanga upande wa pili. Akalipiga kopo la maharage risasi zote tano. Kila mlio ulizunguka kuta, ukafifia. Giza likaingia. Vyura wakanyamaza.

"Bibi naye na vitisho vyake!" akacheka, akavuta tena.

Ikafyatuka. Safari hii kuta hazikuitikia.

Akafungua silinda, akamimina maganda ya risasi kiganjani. Matano yalimetameta, yameshaanza kupoa. La sita lilikuwa na kutu ya kijani, kama kitu kilichofukuliwa, nalo likamuunguza.

Mwaka wa tatu sasa. Tukipeana mkono nalihisi lile kovu la duara, na bado ni la moto.