Jicho Lililochorwa Bila Kuona

Kila siku masomo yakiisha, Joviale alishuka hadi mtaa wa Ibanda na sare yake ya shule, akaingia katika ofisi ndogo ya parokia alikofanya kazi baba yake, Papa Aloys. Ilikuwa mwaka 2001. Vita vilikuwa vimetawanya watu huku na huko, na ofisi ile iliwatafutia watoto waliopotea wazazi wao. Joviale alikuwa na miaka kumi na mitatu na mwandiko mzuri ajabu, naye alijua hivyo. Ukimsifu mara moja, alingoja umsifu tena.

Kompyuta ya ofisi ilipokea barua na picha kutoka Goma. Kwa kuwa mafaili mengine huja na virusi, Papa Aloys aliiwekea kanuni: faili la namna hii lipite, la namna ile lizuiwe. Lililozuiwa liliwekwa kando siku saba, kisha likafutwa kabisa. Ilikuwapo pia programu ndogo ya kuorodhesha kanuni zote kwenye skrini, ila ilisema Kiingereza tupu. Papa Aloys alipotumwa Uvira wiki mbili, alimwachia binti yake daftari na karatasi ya maana za maneno, amwandikie katibu, Maman Godelive, namna ya kuitumia.

"Kila hatua uijaribu kwa mashine," alimwambia. "Ukiiona, uchore jicho pembeni. Kama hujaona, usichore."

Joviale aliandika siku tatu, akachora macho tisa. Hatua ya kumi ilikuwa orodha yenyewe. Alinakili kanuni ishirini na nne, akafika chini ya skrini. Hapo palikuwa na neno linalowakawaka. Kabla hajalitafuta kwenye karatasi, paa! Umeme ukakatika. Alingoja kidogo, akachoka. Wenzake walikuwa nje wakimwita mchezoni. Basi akaandika, "Kanuni ni ishirini na nne. Orodha imeisha." Akachora jicho, tena la kope ndefu, akatoka mbio. Nani angejua?

Jumatatu iliyofuata alikuja Maman Anne-Marie, muuza unga. Mwanawe Mugisho, wa miaka saba, alipotezana naye njiani walipokimbia risasi. Ofisi ya Goma ilikuwa imesema kwa redio kwamba picha ya mtoto anayefanana naye ilitumwa Jumanne iliyopita. Maman Godelive alifungua daftari, akafungua orodha, akapitisha kidole kanuni moja moja hadi ya ishirini na nne, ambapo daftari lilisema orodha imeisha.

"Hakuna kanuni inazuia picha, maman," alisema. "Goma hawakutuma. Pengine walimuchanganya na mutoto wa wengine."

Maman Anne-Marie aliketi kwenye benchi. Alifungua fundo la kitenge chake, akalifunga tena.

"Basi niache kumungojea?" aliuliza.

Joviale, aliyekuwa ameketi pembeni, alilikumbuka lile neno la chini ya skrini. Jumanne hadi Jumatatu, siku sita. Kama picha ilizuiwa, kesho ingefutwa! Angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angemshuku. Aliona aibu hadi masikio yakawaka moto, lakini akasimama.

"Maman Godelive, pardon. Hiyo jicho ya mwisho nilichora bure. Umeme ilikatika, sikuona mwisho."

Maman Godelive alivua miwani. "Joviale! Nimemuambia mama wa watu mutoto wake haiko, juu ya jicho yako?"

"Ndiyo, maman. Wacha nianze tena."

Alipogusa kitufe, skrini ilizimika. Umeme tena! Maman Godelive alimwambia aende nyumbani kula.

"Sitoki hapa," Joviale alisema.

Akaketi mbele ya mashine, karatasi ya maneno mkononi, njaa ikimuuma. Maman Anne-Marie naye hakuondoka. Saa kumi na nusu taa iliwaka. Joviale alifungua orodha, akatafuta maana ya lile neno: "Bado kuna zaidi, bonyeza kitufe kirefu." Kumbe! Alibonyeza. Zikatokea kanuni saba nyingine, na ya ishirini na tisa ilizuia kila picha kubwa.

Walifungua mahali pa mafaili yaliyozuiwa. Faili la Goma lilikuwamo. Maman Godelive alilipima virusi kama daftari lilivyoelekeza, akaliachilia hilo moja tu. Picha ilifunguka polepole kutoka juu: nywele, paji la uso, macho, kisha pengo la meno mawili.

"Ni yeye! Mugisho yangu!" Maman Anne-Marie alipiga kelele, akawakumbatia wote wawili kwa pamoja.

Papa Aloys aliporudi, Joviale alimweleza yote mwenyewe kabla hajaulizwa. Baba alifunua daftari. Jicho la kope lilikuwa limekatwa kwa mstari, chini yake limechorwa jingine, dogo, lisilo na mapambo. Kwenye hatua ya kumi na moja, ambayo hakuwa ameijaribu, hapakuwa na jicho, ila maneno mawili: "Bado sijaona."

"Mashine ilifanya kazi yake," Papa Aloys alisema. "Mwenye alimufungia Mugisho inje ni hiyo jicho. Mutu akisoma kazi yako, anaona kwa macho yako, binti yangu. Kama hujaona, sema hujaona. Hiyo haiko aibu. Aibu ni kudanganya."

"Ndiyo, papa."

Joviale alivuta kiti, akawasha mashine, akaanza hatua ya kumi na moja.