Buluu ya Mama kwenye Mashine Mbili

Asubuhi ya mtaa wa Namuwongo huanza na moshi wa maandazi na kishindo cha treni. Princesse hukaanga mlangoni, lakini mara nyingi akili yake haipo hapo. Humwona mama yake ndani ya moshi, amevaa kitenge cha buluu, anacheka. Mama alifariki mwaka jana.

Jumamosi ilikuwa siku ya kuanua matanga. Mama mdogo Olivia, ndugu wa pekee wa marehemu, angefika kutoka kwao Bukavu, ng'ambo ya mpaka. Vita vilimzuia kuja kumzika dada yake, na tangu siku ile hakuweza kulia. Princesse alitaka amkute dada yake hapa: picha kubwa ukutani, na fulana zenye picha hiyohiyo kwa familia nzima. Ndiyo desturi yao.

Alikwenda duka la uchapaji huko Wandegeya na picha ya kwenye simu. Picha kubwa ilitoka kwenye mashine moja, nzuri ajabu. Fulana ya kwanza ikatoka kwenye mashine nyingine. Lo! Buluu imekuwa zambarau.

Nyumbani, baba yake, mzee Mushagalusa, alishika fulana huku, picha kule.

"Hii haiko kitenge ya mama yako," alisema. "Hapa niko naona wanamuke wawili."

Moyo ulimwuma Princesse. Alirudi dukani siku hiyohiyo.

"Ongeza wino!" alimwambia Taqwa, mwenye duka. Wateja sote tuna dawa moja tu: ongeza!

"Nikiongeza, dada, uso wa mama utaingia giza," Taqwa alijibu. "Mashine haijaharibika. Kila mashine ina mipaka yake ya rangi. Ile ya picha ina wino wa aina nyingi, inaifikia buluu hii kali. Hii ya fulana haifiki, kwa hiyo inachapa rangi ya jirani."

"Lakini kwenye simu iko inang'aa!"

"Simu ina taa ndani, nnyabo. Kitambaa hakina. Wewe huimba kwaya?"

"Ndiyo, kanisani."

"Mwenzako asipofika sauti ya juu, munafanyaje?"

"Tunashusha wimbo yote."

"Basi na rangi ni vivyo hivyo. Tuanze na mashine isiyofika mbali. Ile nyingine itaifuata."

Taqwa alichapa vipande vya buluu mbalimbali juu ya kitambaa cha fulana. Wakavipeleka nje juani, maana taa za dukani hudanganya. Princesse alivitazama kimoja kimoja, kama mtu anayetafuta sura ndotoni. Buluu kali ya kitenge haikuwamo, na kuiacha kulimtia uchungu. Mwishowe akagusa buluu moja iliyopoa, isiyo na zambarau.

"Hii," alisema polepole.

Taqwa akarekebisha picha kubwa ifuate buluu hiyo. Akachapa kipande kidogo kwanza, wakakilinganisha na kitambaa palepale juani. Vikapatana. Ndipo akachapa vyote.

Jumamosi Olivia aliingia na vumbi la safari. Aliitazama picha ukutani. Akageuka. Shemeji yake, watoto, wakwe, wote walivaa uso uleule na buluu ileile, kila upande alioangalia. Akamshika Princesse mabegani, akaweka shavu juu ya picha ya fulana.

"Dada yangu," alisema, "nimefika."

Akalia kwa sauti, na hakuna aliyemnyamazisha.