Jogoo Aliyewika Baada ya Kuliwa

Tangu upepo ung'oe mabati ya madarasa mawili, darasa la saba pale Nzuguni walisoma kwa zamu: siku mbili shuleni, siku tatu nyumbani kwa simu. Saa moja asubuhi Mwalimu Bupe aliita majina kwenye kundi la wasapu, kila mtoto akajibu kwa ujumbe wa sauti, ndipo somo likaanza.

Penina alikuwa wa kwanza kujibu. "Nipo, mwalimu!" Nyuma yake jogoo akawika. Kisha aliiacha simu ya bibi yake mezani, akaenda kukaa nyuma ya tangi la maji.

Sauti ile aliirekodi siku ya kwanza, akawa anaituma ile ile kila asubuhi. Mwalimu alisikia, akaweka tiki.

Yote yalianza siku ya pili, Penina alipouliza namna ya kugawa robo tatu kwa nusu. Gerson akatuma safu ya vikatuni vya kucheka, na wenzake wakafuata. Tangu hapo hakuthubutu kuuliza tena. Na mtihani wa taifa ni mwezi wa tisa, hesabu za sehemu hazijui.

Jumamosi Mwalimu Bupe alipita kuwatembelea wazazi. Bibi yake Penina hakuwa mtu wa kumwacha mgeni aondoke na maji matupu. Jogoo akachinjwa, mwalimu akala na ugali wa uwele, na firigisi akapewa yeye.

Siku iliyofuata ya kusomea nyumbani, majina yakaitwa. "Nipo, mwalimu!" Jogoo akawika.

Dakika moja baadaye simu ikaita. Bibi akaipokea kwa kipaza sauti, kama kawaida yake.

"Shikamoo, bibi. Mna jogoo mwingine hapo?"

"Marahaba. Atoke wapi? Alikuwa huyo mmoja, na firigisi yake unayo wewe."

"Basi amewika sasa hivi kwenye simu yangu."

Bibi akageuka kumtafuta mjukuu wake. "Penina," akaita, "njoo umsemee marehemu."

Penina alitoka nyuma ya tangi, akaeleza yote, pamoja na vile vikatuni. Mwalimu hakugomba.

"Kosa lako ni kunidanganya," alisema. "Langu ni kwamba nimekuwa nikimwekea jogoo tiki."

Kesho yake majina yaliitwa kwa mtindo mpya: badala ya kusema yupo, kila mtoto ataje jambo moja ambalo hajalielewa. Penina akabonyeza kitufe cha kurekodi. "Kugawa robo tatu kwa nusu, mwalimu."

Baada yake akaja Gerson. "Hata mimi hiyo hiyo. Nilicheka ili nisiulizwe."

Hakuna aliyetuma kikatuni.

"Sasa nina darasa," akasema Mwalimu Bupe. "Anayesema hajaelewa, najua nianzie wapi kumsaidia. Anayejificha, simuoni, na yeye ndiye anayeumia. Chukueni kalamu."

Penina akachukua kalamu. Bibi alikuwa anapepeta uwele pembeni.

"Hiyo sauti ya leo ndiyo yako," akasema bila kuinua kichwa. "Ile nyingine tumeshaila."