Siri ya Fundi wa Spika

Kila jioni, akishavua sare ya shule na kula kiporo cha mchana, Chiriku alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha baba yake nyuma ya nyumba. Jina hilo alibandikwa na mama yake, maana tangu alipojua kusema hakujua kunyamaza. Kibandani mlijaa spika kubwa kwa ndogo, na nyaya zilizosokotana kama matumbo ya kuku. Baba yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, aliunganisha spika, akaongeza sauti, kisha akamtazama bintiye usoni. Spika ikilia vizuri, Chiriku aliitikia kwa kichwa. Ikikwaruza au kupiga mluzi, alikunja uso, na Fundi akaifungua upya.

Waliowaona walidhani ni mchezo wa baba na mwana. Haukuwa mchezo. Tangu mwaka juzi Fundi alikuwa hasikii sauti nyembamba. Kwanza zilimpotea kengele za baiskeli, kisha filimbi, kisha maneno ya mtu aliyempa mgongo. Alimweleza Chiriku peke yake, akamwomba asimwambie mtu yeyote, hata mama. Fundi wa sauti asiyesikia, alisema, nani atampa kazi?

Basi Chiriku akajifunza kudanganya. Simu ikiita, aliipokea yeye akasema baba ana kazi mkononi. Mama, aliyekuwa fundi cherehani, alipolalamika kwamba redio inapiga kelele kama inaita watu wa mtaa wa pili, Chiriku alijitwika kosa hilo na kukaripiwa. Siku moja mama alimwita, akazima cherehani, akamuuliza ana kwa ana kama baba yake ana tatizo la masikio.

"Hapana, mama," Chiriku alijibu. "Baba ana mawazo mengi tu."

Mama alimtazama kidogo, kisha akarudi kwenye kazi yake.

Kila mwaka mji wao ulikuwa na tamasha la muziki katika uwanja wa mpira, na kila mwaka Fundi ndiye aliyefunga spika. Familia nzima ilikwenda. Mama alibeba mkeka na chupa ya chai, akatafuta mahali penye kivuli. Chiriku alikaa na baba yake chini ya turubai, mbele ya meza yenye vitufe vya sauti. Mwaka ule rafiki yake wa darasani, msichana mwembamba waliyemwita Kipini, alikuja na wenzake kumwita wakacheze mbele ya jukwaa. Chiriku alikataa. Alikataa tena, lakini macho yake yalikuwa kule kule.

Fundi aliyaona. "Nenda kacheze na wenzako," alisema. "Sasa hivi ni kwaya za watoto tu. Hazina kazi."

Chiriku akaenda. Alicheza mpaka kitambaa cha kichwa kikamdondoka, na kwa muda alisahau kabisa kwamba ana masikio ya kuazimisha.

Kwaya zilipomaliza, alipanda bibi mmoja mwimbaji. Watu wazima walimjua. Tangu alipofiwa na mumewe hakuwa ameimba hadharani, na uwanja ulitulia kumpokea. Alipoanza tu, spika zikapiga mluzi mkali uliochoma kichwa. Watu wakaziba masikio. Chiriku aligeuka, akamwona baba yake kwa mbali, ametulia kwenye kiti chake, anaongeza sauti taratibu. Alikuwa anatabasamu. Aliona mikono imeinuliwa uwanja mzima, akadhani watu wamefurahi.

Chiriku alijipenyeza katikati ya watu huku akisukumwa na kukanyagwa. Bibi alinyamaza, akajaribu tena, na mluzi ukamfunika tena. Aliweka kipaza sauti chini, polepole kama mtu anayelaza mtoto, akashuka jukwaani akijifuta macho. Mwenyekiti wa tamasha alikuwa nyuma ya Fundi sasa, anamwita, anamwita tena kwa ukali. Fundi hakugeuka, na kila mtu aliona kwamba hakugeuka.

"Kumbe fundi mwenyewe kiziwi," mtu mmoja alisema, na kicheko kikaenea kama moto wa nyasi. Mwenyekiti akachomoa waya. Chiriku alipofika, baba yake alikuwa amesimama, anawatazama watu midomo yao, anatafuta wanacheka nini.

Nyumbani mama hakumuuliza mumewe kitu. Alimuuliza Chiriku, naye akasema yote, kuanzia filimbi mpaka simu.

"Nilikuuliza," mama alisema.

Daktari wa masikio alimpima Fundi kwa uangalifu. Alieleza kwamba miaka ya kukaa kando ya spika kubwa bila kuziba masikio ilikuwa imemla masikio taratibu. Angekuja mapema na kujiepusha na kelele, angebaki na usikivu mwingi. Kilichokufa ndani ya sikio hakirudi. Alimpa kifaa cha kuvaa sikioni, na kweli kilimsaidia kusikia watu wakizungumza naye. Lakini muziki, Fundi alisema, ulikuwa kama mabati yanayoburutwa barabarani. Alikwenda kumwomba bibi mwimbaji radhi. Bibi alimpokea vizuri, akamkaribisha chai, ila hakuimba tena. Fundi aliuza spika zake, siku hizi anatengeneza pasi na feni.

Tamasha la mwaka uliofuata walikwenda kama watazamaji. Watu walipojaa na makelele kuzidi, kabla muziki haujaanza, Fundi alivua kile kifaa kwa sababu kilimuumiza, akakitia mfukoni. Chiriku alimsogelea mama yake na kumuuliza alichoogopa kuuliza mwaka mzima, kama ni yeye aliyemharibu baba.

"Siyo wewe," mama alisema. "Ni kelele. Na baba yako alikosea kumtwisha mtoto siri ya mtu mzima, nimemwambia. Lakini nilipokuuliza, mwanangu, ulikuwa na nafasi ya kumsaidia, ukaitumia kumficha. Mtu unayempenda akiumwa, sema. Atanuna, atakasirika, lakini atapata muda wa kutibiwa. Ukinyamaza, muda huo unaupa ugonjwa."

Chiriku aliinamisha kichwa. Pale jukwaani, nyuma ya vichwa vya watu, kundi la muziki lilikuwa katikati ya wimbo wa pili. Fundi alimgusa bega.

"Bado hawajaanza?" aliuliza.

Chiriku akamgeukia vizuri, ili auone mdomo wake. "Wameanza zamani, baba."